Milango Kabla ya Mzigo: Singida na Njia Zinazopita

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilijenga tawi la reli lililoachana na Reli ya Kati pale Manyoni, likaelekea kaskazini kupitia Singida na kuishia Kinyangiri, katika nchi ya Wanyiramba. Shehena haikuja kwa kiasi cha kulipa gharama, na katika miaka ya 1940 tawi hilo likafungwa na reli zake zikang'olewa. Baada ya uhuru Tanzania ilijenga upya tawi la Manyoni hadi Singida, takribani kilomita 115, kwa fedha mpya na jasho jipya, katika ukanda ambao treni zilikwisha kupita. Kisa hiki husimuliwa, kikisimuliwa, kama mfano wa mradi uliotangulia mahitaji. Mimi nakisoma kinyume chake. Kosa kubwa halikuwa kujenga njia ambayo mzigo wake ulikuwa haujafika; kosa lilikuwa kuiondoa kwa sababu tu mzigo ulikuwa haujafika. Historia ya mkoa wa Singida, tangu misafara ya pembe za ndovu hadi nyuzi za intaneti, inathibitisha jambo ambalo wapangaji wetu hulisahau mara kwa mara: faida ya njia kwa wenyeji haipimwi kwa wingi wa vinavyopita, bali kwa milango iliyoachwa wazi ili wao waingie.

Wanaoielewa hoja hii kwa urahisi kuliko wengine ni mafundi wa mitandao ya kompyuta, kwa kuwa wanaitenda kila siku. Fundi anayeandaa seva ya Linux kwa ajili ya halmashauri, hospitali au chuo huanza kwa kuunda daraja la mtandao, yaani swichi iliyoundwa kwa programu tupu ndani ya seva, ambayo mashine pepe, yaani kompyuta zinazoendeshwa kwa programu ndani ya seva hiyo, zitakuja kuunganishwa nayo. Mara nyingi daraja hilo huundwa likiwa halina kitu: hakuna kadi ya mtandao iliyofungwa kwake, hakuna mashine pepe hata moja. Katika mfumo wa Debian faili la mipangilio husema hivyo waziwazi kwa maneno bridge_ports none. Programu zinazotumika sana zimeifanya hali hiyo kuwa ya kawaida: Docker ikisakinishwa huunda daraja lake na kulipatia anwani 172.17.0.1 kabla mtumiaji hajawasha chochote, na libvirt hufanya vivyo hivyo kwa anwani 192.168.122.1. Hakuna fundi anayeliona daraja tupu la aina hiyo akaita ni ubadhirifu. Analiona kuwa maandalizi, kwa sababu anajua kwamba mashine ya kwanza itakapokuja itakuta mahali pa kushika.

Lakini utupu huo una masharti, na masharti ndiyo yanayonifanya niutumie mfano huu kupimia historia. Madaraja ya mitandao yalianza kuwa vifaa vya chuma vilivyounganisha mitandao midogo. Mwaka 1985 Radia Perlman, akiwa katika kampuni ya DEC, alibuni kanuni inayozuia ujumbe kuzunguka bila mwisho pale njia zinapokuwa nyingi, na mwaka 1990 kanuni hiyo ikaingia katika kiwango cha kimataifa kiitwacho 802.1D. Keneli, yaani kiini cha mfumo, ya Linux toleo la 2.4, iliyotoka Januari 2001, ilikuwa na daraja lililoandikwa na Lennert Buytenhek, na KVM, programu ya kuendesha mashine pepe, ilipoingia katika keneli mwaka 2007 daraja hilo likapata kazi yake kubwa ya leo, kuhudumia mashine pepe. Daraja lisilo na mlango wowote uliounganishwa huhesabiwa na keneli kuwa halina mawimbi. Huduma inayosubiri kupewa anwani kupitia daraja hilo haitaipata, kwa kuwa hakuna wa kuitoa. Kwa hiyo fundi hulipatia anwani ya kudumu. Baadhi ya mifumo hukataa kabisa kulishughulikia mpaka iambiwe kwamba ilipange hata bila mawimbi. Na asipolipatia namba yake ya utambulisho, namba hiyo inaweza kubadilika siku mlango wa kwanza utakapofunguliwa. Kwa ufupi, daraja tupu haliishi kwa bahati. Linaishi kwa sababu kuna aliyeamua liwe na anwani, utambulisho na ruhusa ya kubaki wima wakati halina kazi.

Tuirudie sasa ardhi yenyewe. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita kusini mwa mkoa wa sasa wa Singida, kati ya Ugogo na Unyamwezi, katika pori lililoogopwa kwa ukame wake na kuitwa Mgunda Mkali. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walilivuka mwaka 1857 na kuliandika kama nyika ya kiu. Lakini pori hilo halikubaki vile. Wakimbu waliingia, wakafyeka, wakachimba maji na kupanda nafaka kando ya njia, na msafiri mwingine, Stanley, alipopita mwaka 1871 alikuta vijiji pale ambapo waliomtangulia walikuwa wamesimulia upweke. Mashariki yake, watemi wa Wagogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila msafara uliotumia maji yao. Pembe zilikuwa za wengine na faida kubwa ilikwenda Zanzibar. Hata hivyo waliokaa kando ya njia walijitengenezea milango ya kuingilia biashara hiyo: chakula, maji na ushuru. Nchi ya Wanyaturu, iliyokuwa kaskazini ya njia hiyo, haikuwa na milango ya namna hiyo. Stanley alipoacha njia ya misafara na kukata kwenda Ziwa Victoria, mwanzoni mwa 1875, mkutano wake na watu wa Ituru uliishia kwenye mapigano na vifo vya watu wengi. Sababu za vita hazikosi kuwa nyingi, lakini moja inaonekana: pale hapakuwa na utaratibu uliozoeleka wa mgeni kupita na mwenyeji kunufaika.

Wajerumani walipoingia, waliijenga boma yao Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na simu ya waya ikatangulia reli katika njia ileile. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilikusudiwa kufika maziwani, si kuhudumia Manyoni. Hata hivyo, reli ya mvuke ilihitaji maji, kuni na mahali pa kupishana treni, na kila hitaji la namna hiyo lilizaa stesheni. Kilimatinde, iliyokuwa kitovu cha utawala, ikabaki kando, na Manyoni na Itigi zikakua. Itigi ndiyo ushahidi bora kuliko yote. Ilikuwa stesheni katikati ya kichaka kinene, mahali ambapo mtazamaji wa mwaka 1914 angeuliza treni inasimama kwa ajili ya nani. Dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilipovuta wachimbaji kwa wingi katika miaka ya 1920 na 1930, Itigi ikawa lango lao: watu na bidhaa walishuka hapo na kupanda malori kuelekea Chunya na Mbeya. Hakuna mpangaji wa reli aliyejenga stesheni ile kwa ajili ya Lupa. Mlango ulikuwapo, na mzigo ulipotokea ukaupata wazi.

Kwa mwanga huo tuliangalie tena tawi la Kinyangiri. Anayelitetea jambo la kung'oa reli atasema, na ana haki ya kusikilizwa, kwamba koloni maskini katikati ya mdororo wa uchumi wa dunia na kisha vita haikuweza kulisha tawi lisilolipa. Treni zinakula makaa, wafanyakazi wanadai mishahara, na chuma kilikuwa adimu. Yote haya ni kweli, lakini yanachanganya vitu viwili. Kusimamisha treni ni kupunguza gharama. Kung'oa reli na kuuacha ukanda wake upotee ni kufuta uwezekano. Tuta lililokwisha kulimwa, madaraja ya mito, mifereji ya maji na haki ya kupita katika ardhi ya watu ni mambo ambayo gharama yake hulipwa mara moja na utunzaji wake ni mdogo ukilinganishwa na kuyaanza upya. Injini na mabehewa ni mambo yanayoweza kungoja. Waliopima tawi lile kwa shehena ya mwaka husika waliona hasara tu, kwa sababu kipimo chao hakikuwa na safu ya kuandika thamani ya mlango ulio wazi. Alizeti, ambayo leo ndiyo zao linaloutambulisha mkoa huu sokoni, haikuwamo katika hesabu za wakati ule na isingeweza kuwamo. Ndiyo maana hesabu ya mzigo uliopo haitoshi kuamua hatima ya njia.

Umeme unatupa mfano wa kinyume, na wa karibu zaidi. Katikati ya miaka ya 2010 ulikamilishwa mradi wa njia ya kusafirisha umeme kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, urefu wa takribani kilomita 670. Minara na nyaya zilijengwa kwa uwezo wa kilovolti 400, lakini njia ilianza kazi kwa msongo wa kilovolti 220, kwa kuwa mahitaji ya wakati ule hayakudai zaidi. Huu ndio utupu wenye akili. Sehemu iliyo ngumu kuongezwa baadaye, yaani urefu wa minara, upana wa ukanda na fidia ya ardhi, ilifanywa kwa kipimo cha kesho. Transfoma na vifaa vya vituo vya kupoza umeme, vinavyoweza kubadilishwa bila kuibomoa njia, vikaachwa kwa kipimo cha leo. Kisha ikajengwa njia ya kilovolti 400 kutoka Singida kupitia Babati na Arusha hadi Namanga, kuungana na Isinya nchini Kenya, na mwishoni mwa 2024 gridi za nchi hizi mbili zikaunganishwa. Singida ikawa kiungo cha umeme wa Afrika Mashariki. Kama minara ya awali ingejengwa kwa kipimo cha balbu zilizokuwa zinawaka siku ile, kiungo hicho kingedai njia nyingine sambamba na ile ya kwanza. Miradi ya umeme wa upepo nayo imekuwa ikipangwa Singida tangu miaka ya 2000, na siku utakapozalishwa, mahali pa kuuingiza kwenye gridi pako tayari.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulifuata mantiki hiyohiyo. Ujenzi wake ulianza mwaka 2009, mwaka uleule ambao waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na awamu zake za kwanza zilifikia zaidi ya kilomita 7,500, kwa mkopo kutoka China. Singida iko juu ya mkongo huo kwa sababu ileile ya kijiografia iliyowaleta Burton na wahandisi wa Kijerumani: iko kati ya pwani na maziwa. Waya wa nyuzi za kioo una sifa ambayo reli haina. Gharama kubwa iko katika kuchimba mtaro. Kuongeza nyuzi ndani ya waya uleule wakati wa ujenzi ni nyongeza ndogo, na uwezo wa kila uzi huongezeka kwa kubadilisha vifaa vya miisho tu. Kwa hiyo kila mkongo uliojengwa kwa busara huzikwa ukiwa na nyuzi nyingi zisizowashwa. Mkaguzi anayeziona anaweza kuuliza kwa nini taifa limezika kioo kisichotumika. Jibu ni kwamba mtaro wa pili ungegharimu mara nyingi kuliko nyuzi hizo. Hata hivyo nyuzi zenyewe hazijawa mlango. Mlango ni kituo cha kuunganishia katika mji kama Manyoni, Kiomboi au Nduguti, ambapo mtoa huduma mdogo, shule au zahanati inaweza kuomba kuunganishwa kwa bei inayojulikana. Waya unaopita chini ya kijiji bila kituo hauko kijijini hapo kwa maana yoyote inayomsaidia mwanakijiji.

Ili hoja isionekane kuwa ni sifa kwa kila mradi mkubwa, inafaa kuutaja mradi usio na milango. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita katika ardhi ya Singida pia. Bomba hilo limebuniwa kwa mzigo unaojulikana, kutoka mwanzo mmoja hadi mwisho mmoja. Litaleta fidia, ajira za ujenzi na mapato kwa serikali, lakini mkulima wa alizeti hana namna ya kuunganisha chochote kwalo, leo wala baada ya miaka 30. Siulaumu mradi kwa kuwa bomba. Ndivyo mabomba yalivyo. Ninachosema ni kwamba ni tofauti na stesheni ya Itigi, na tofauti hiyo haionekani tukihesabu fedha na kilomita peke yake. Njia iliyojaa bila milango huutajirisha mkoa kwa kipindi. Njia tupu yenye milango huuachia mkoa nafasi ya kujitajirisha. Reli ya kisasa inatupa fursa ya kuchagua. Kipande chake kutoka Morogoro kinaishia Makutupora, ndani ya wilaya ya Manyoni, ingawa treni za abiria zilipoanza mwaka 2024 safari ziliishia Dodoma. Swali la kuuliza kuhusu kipande hicho na kile kinachoendelea hadi Tabora ni hili: ni njia ngapi za kando, maghala na majukwaa ya kupakia yaliyotengewa ardhi, hata kama hayajajengwa?

Kuna pingamizi zito kuliko la fedha. Daraja la Linux, mtu atasema, ni mistari michache ya maandishi. Halitumii chuma wala mkopo, na fundi akikosea analifuta na kuanza upya. Kulilinganisha na reli ni kupima mambo yasiyolingana. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba utupu wa programu ni wa bure na wa chuma una bei, na ndiyo maana nimetenganisha sehemu ya kujengwa mapema na sehemu ya kungoja. Lakini gharama ninayoisema haipo katika kitu chenyewe. Ipo katika kurudi. Fundi anayeendesha seva iliyoko Singida akiwa Dar es Salaam, takribani kilomita 700, akisubiri mpaka seva iwe inahudumia watu ndipo ahamishie anwani kutoka kadi ya mtandao kwenda kwenye daraja, anaweza kujikatia mawasiliano kwa amri moja. Huduma zinasimama, na mtu lazima afike mwenyewe kwenye seva. Kama daraja lingekuwapo tangu siku ya kwanza, mashine mpya ingeunganishwa bila mtu yeyote kusikia. Kwenye reli, kwenye nguzo na kwenye seva, kazi inayofanywa mapema ni nafuu kwa sababu hakuna anayeitegemea bado. Hilo halibadiliki kwa kuwa kimoja ni chuma na kingine ni maandishi.

Pingamizi la mwisho ni kwamba mlango wazi haumchagui mgeni. Njia iliyowaletea Wakimbu soko la nafaka iliwapitisha pia watumwa. Reli iliyoipa Itigi uhai ndiyo iliyosomba mali ya koloni. Daraja la mtandao lisilo na ulinzi humpokea mvamizi kama linavyompokea mtumiaji. Sina jibu linalolifuta pingamizi hili, wala halifai kufutwa. Linalofuata kutoka kwake ni kwamba mlango unahitaji mwenyewe: sheria ya nani anaunganishwa, kwa bei gani, na nani anaweza kukataliwa. Hongo ya watemi wa Wagogo, pamoja na malalamiko yote ya wasafiri wa Kizungu dhidi yake, ilikuwa dai la wenyeji kuwa na sauti juu ya njia iliyokatiza kwao. Leo sauti hiyo inaweza kuwa sheria ya mawasiliano kwa wote, kanuni za kuunganishwa kwenye gridi, au kifungu cha mkataba kinachoilazimisha reli kupokea mzigo wa mkulima mdogo kwa masharti yaleyale ya mfanyabiashara mkubwa. Kufunga mlango kwa hofu ya wageni wabaya ni kurudia uamuzi wa kung'oa tawi la Kinyangiri kwa sababu nyingine.

Mkoa wa Singida ulihesabiwa kuwa na watu takribani milioni 2 mwaka 2022, na kila miaka michache njia mpya ya kitaifa inaukata. Baraza la madiwani, wabunge na wahandisi wake hawawezi kutabiri mzigo wa mwaka 2060, kama vile hakuna aliyetabiri Lupa wala alizeti. Wanaloweza kufanya ni kudai kwamba kila mradi unaopita uandike, kando ya hesabu ya mzigo wa sasa, orodha ya milango: wapi pataunganishwa, ardhi gani imehifadhiwa, nani anatunza mahali hapo wakati hapana kazi, na kwa utaratibu gani mtu wa kwanza atakapobisha ataingia. Na wanaweza kukataa, kwa ushahidi wa miaka ya 1940, kipimo kinachohukumu njia kwa utupu wake wa mwaka mmoja. Mafundi wa seva walikwisha kukubaliana kwamba kitu kisicho na mzigo kinastahili anwani. Ukanda wa reli, mnara wa umeme na kituo cha mkongo katika wilaya ya pembezoni vinastahili hivyo pia, na vinastahili bajeti ya kuvitunza mpaka siku yao ifike.